Njuga za Mfalme Kiboko

Mfalme Kiboko alimwonea kijicho mchekeshaji wake, Ngedere, kwa kuwa aliwakejeli wakubwa wote na hakuna aliyekasirika. Ndiyo desturi ya baraza lile: asemalo aliyevaa njuga miguuni ni mzaha tu.

"Leo nipe njuga zako," alisema Kiboko. "Wewe nishikie kiti."

Ngedere akamfunga njuga, akakaza fundo. Kiboko akacheza, akaikejeli pua ya Nyati, akaanguka kifudifudi. Baraza zima likavunjika mbavu. Jioni akasema huku akihema, "Basi, shuka kitini. Mfalme ni mimi!"

Wakacheka hadi wakagaagaa.

"Jamani, nasema kweli! Mfalme ni mimi!"

"Huyu amenishinda," alisema Ngedere kitini, akijifuta machozi. "Kesho aanze na hilohilo."