Nyasi za Mmarekani

Badala ya kutaja ukubwa wa ukuta wake, Mama Huguette alifungua pindo la kitenge, akatoa kamba na kuitandaza juu ya meza ya mchoraji. Fundo moja huku, fundo moja kule.

"Namna hii. Na upande ingine namna hii hii."

"Carré?" Tharcisse alishangaa kusikia mraba. "Mama, paysage, picha ya mapori, haikuwaka carré. Inalala, sawa mutu kwenye kitanda."

"Yangu itakuwa carré."

Kisha akakunjua ukurasa uliochanwa kwenye kalenda ya zamani. Bonde la kijani, mto, ng'ombe wanene wanakunywa maji, na kijana amelala chali nyasini, kofia yake kando. Maandishi ya Kifaransa yalieleza kwamba hiyo ni picha ya rangi ya mafuta, kazi ya mchoraji wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Jina lake lilikuwa limeliwa na mende.

Tharcisse alimwonea gere marehemu huyo papo hapo. Yeye maisha yake yote alichora mji wake wa Kolwezi: vilima vya udongo wa migodi, malori, vijana wanaotoka mashimoni wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyenunua. Nani atundike ukutani kitu anachokiona dirishani bure? Watu wanataka ng'ombe. Na sasa huyu naye, mtu wa Kasulo, mtaa ambao wakazi wake walichimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, anataka ng'ombe wa Amerika. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

"Ni ya Lucien, mutoto wangu," mama alisema. "Hii picha aliipendaka tangu kidogo. Alikuwa anasema, siku moja nitalala fasi ya vile, majani mabichi, poussière hakuna, vumbi hata kidogo. Nilimuahidi atakuwa nayo."

"Na sasa iko wapi, Lucien?"

"Iko chini."

Tharcisse alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli. Kwao "chini" ilikuwa upande mmoja tu, kule Dilolo, njia ya treni inakokwenda kugusa mpaka wa Angola. Akaitikia kwa kichwa.

"Dilolo ni kuzuri. Kuko hewa."

Mama Huguette aliisukuma kamba karibu naye.

"Utumie rangi ya mafuta," akasema. "Ile ya maji itaharibika, kule kuko maji mingi. Na huyu kijana mwenye kulala, umuvalishe shati ya manjano."

"Nipatie basi foto, nitie na uso wake."

"Uso haiko lazima. Yeye anajijua."

"Na bengine batamujua namna gani?"

"Bengine habataiangalia."

Aliitaka kabla ya siku ya posho. Jumamosi hiyo malori yangekuja kuhamisha familia zote za upande wao, na kampuni iliyonunua ardhi ingezungusha ukuta. "Nataka aipate mbele ya sisi kutoka," alisema. "Nyuma ya pale itakuwa nguvu, hatutaingia tena."

"Kama ni kuituma, Abibu rafiki yangu iko na camion ya kwenda Dilolo."

"Hapana, Tata. Nitamupatia mi mwenyewe."

Tharcisse akaanza kazi kwa kinyongo, kama mtu anayefua nguo za mke mwenza. Kwanza aligundua kitu ambacho hakukiona mwanzoni: kwenye kona ya picha ya Mmarekani kulikuwa na visiki, miti mizima imekatwa. Kumbe hata huko walifyeka kwanza, halafu wakaita mchoraji. Alicheka peke yake, kicheko kichungu. Visiki hivyo hakuvichora. Akapanda majani mahali pake, unyasi mmoja mmoja, mpaka bila kujua akawa anampenda yule kijana wa shati la manjano, mwana wa Kolwezi aliyepata pa kulala bila vumbi.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua. Roho ilimuuma kuona itakwenda kufichwa Dilolo. Angalau watu wa Kasulo waione kabla haijaondoka. Kwa hiyo Ijumaa aliibeba waziwazi, bila kuifunika, akapita nayo katikati ya mtaa. Watu walikuwa wanang'oa milango na mabati. Hakuna aliyeinua kichwa.

Vyombo vya Mama Huguette vilikuwa nje tayari, sufuria ndani ya beseni, godoro limefungwa. Alipoiona picha alishika mdomo. Machozi yakamtoka, na Tharcisse, Mungu amsamehe, alijisikia mkubwa.

"Nimeongea na Abibu," akasema. "Amekubali. Akubebe weye na picha mpaka Dilolo, ya bure."

"Kufanya nini kule?" Mama Huguette alijifuta uso. "Dilolo hatuna mutu."

Akamshika mkono, akamwingiza ndani. Chumba kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa ya zamani, imepasukapasuka, nyeusi kwa moshi na miguu ya watu, isipokuwa pale katikati, mahali pa meza, mdomo wa shimo ulipozibwa kwa saruji mpya. Kiraka cha mraba.

Mama Huguette alipiga magoti. Akaipokea picha, akaigeuza, uso wa picha ukatazama ardhi, akailaza juu ya ile saruji. Ilienea kabisa.

"Lucien," akaita, mdomo karibu na sakafu. "Fungua macho."