Kobe Alala Chali

Palikuwa na Kobe mmoja asiyekubali kupitwa na jambo. Aliposikia wanyama wote wanajirekodi wakicheza huku wamelala chali, naye akaegemeza simu kwenye jiwe, akajibwaga, akarusha miguu. Wimbo ukaisha, kugeuka akashindwa.

“Nigeuzeni jamani, nakufa!” akalia.

Nyani alikuwa akipita. Badala ya kumgeuza, akaichukua ile simu, akaiposti video. Kufumba na kufumbua, pori zima likawa chali, likirusha miguu na kulia, “Nigeuzeni jamani, nakufa!”

“Hongera, mzee! Unatrendi!” Nyani akamwambia, akaenda zake kucheza.

Jioni mkewe akamkuta pale pale, ulimi nje. Akainama amgeuze.

“Usiniguse, mama watoto!” Kobe akafoka kwa sauti iliyokauka. “Ukinigeuza, nitakuwa kobe tu.”