Wimbo wa Kupashia Nyumba Joto

Mtaani kwa Bi Rukiya, huko Coventry, serikali ilipasha joto nyumba za wanaoipenda Uingereza kwa dhati tu. Kila asubuhi mtu aliimba wimbo wa taifa mbele ya kisanduku cha ukutani, nacho kikampima moyo. Bi Rukiya, mzaliwa wa Lamu, nyumba yake ilikuwa moto kama tanuri.

Siku moja jirani yake, Mzee Clifford, polisi mstaafu mwenye bendera mlangoni mwaka mzima, alikuja kajifunika mablanketi mawili.

"Bi Rukiya, kisanduku chasema nanung'unika!"

"Kwani ukiimba wamfikiria nani?"

"Waziri Mkuu."

"Ala! Mfikirie marehemu mkeo, mzee wangu."

Wakaenda kwake. Mzee akafumba macho, akaimba huku machozi yakimtiririka. Kisanduku kikawaka kijani, mabomba yakapata moto, nao wakacheka hadi wakashika mbavu.

Kesho yake Bi Rukiya aliletewa barua, na nakala ikabandikwa kila mlango mtaani: ameteuliwa kuwa msikilizaji wa mtaa, awaripoti wanaoimba kwa unafiki. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Alipotoka kununua maziwa, madirisha yakafunguka moja baada ya jingine, na majirani wakaanza kumwimbia. Mzee Clifford aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, wala hakumtazama usoni.