Kinowledige

Alasiri ya arobaini, wageni walipotawanyika na majamvi yakakunjwa, Siwatu alikusanya kadi zake za maneno ya Kiingereza akazitia kwenye bahasha. Mtihani wa kuingia shahada ya uzamili ulikuwa Jumatatu.

"Siendi, mama. Nani atanisomea?"

Kila jioni aliyekuwa akimsomea ni marehemu baba yake, fundi viatu, ambaye alitamka herufi zote kama zilivyoandikwa, hata zile ambazo Waingereza wenyewe huzinyamazia. Siwatu hakumsahihisha hata siku moja.

Mama yake, Bi Siwema, aliichukua bahasha, akaketi kwenye kigoda cha mumewe, akatoa kadi moja na kuiinua mbele ya macho. Hakuwahi kukanyaga darasani. Kadi aliishika kichwa chini miguu juu.

"Kinowledige," alisema, akiliburura neno kama alivyoliburura marehemu.

Siwatu alitafsiri: "Maarifa."

"Doubuti."

"Shaka."

Mama alitoa kadi ya tatu. Midomo yake ilicheza kwa muda mrefu, lakini neno halikuja. Aliyoyashika yalikuwa hayo mawili tu.

Siwatu aliuvuta mkeka wake karibu na kigoda.

"Rudia la kwanza, mama."