Chanjo Bila Foleni

Kelly alikataa katakata kupanda gari la Hervé. Mpiga kinanda huyo wa kwaya alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwao, kitongoji cha Rågsved huko Uswidi, eti awapeleke kliniki yeye na mama yake. Kelly hakumpa hata salamu. Aligeuka akashika njia ya kituo cha treni, na Concessa, mama yake, akabaki kumwomba Hervé radhi kabla ya kumkimbilia binti kwa viatu vya visigino.

Mtoto huyu ana lake jambo, Concessa alijiambia. Miaka kumi na tisa, na mwezi mzima hali mezani na mama yake. Hacheki. Kila Alhamisi, Hervé anapomrudisha Concessa nyumbani kutoka mazoezi ya kwaya, Kelly hujifungia chumbani. Concessa alikuwa amezaa, na dalili alizijua.

Ndani ya treni aliziba pua kwa mtandio. Watu wananuka, alisema, wananuka vitunguu na mbwa. Ndio hawa hawa wanaojazana kwenye vårdcentral, kituo cha afya cha umma, wameshika namba zao kama wanaongoja mgao wa unga kambini. Yeye ni mwanachama. Kliniki yake ya kulipia iko Östermalm, mtaa wa matajiri, haipokei mtu wa barabarani, na ukiingia unaitwa kwa jina. Alikuwa ameyasema haya kanisani mara nyingi hata akina mama wakaacha kumuuliza.

Safari ilikuwa baada ya wiki mbili. Protais, mumewe, alikuwa Bujumbura akijenga nyumba tangu Januari, na sasa ni Oktoba. Familia ya Bruce, mchumba wa Kelly, ingeleta mahari, na bila muhuri wa chanjo ya homa ya manjano kwenye kadi hakuna anayepita uwanja wa ndege. Hilo ndilo Concessa alilowaambia watu. La pili hakumwambia mtu: alitaka karatasi ya daktari kwamba binti yake hana mimba.

Maana alikuwa ameona ya Dancille, jirani yao. Binti wa Dancille alikutwa na mimba kabla ya harusi, wakwe wakarudi na kreti zao za soda. Kanisa zima lilisikitika. Concessa alicheka hadi akakohoa, na tangu siku hiyo salamu ya Dancille haiitikii. Protais naye, aliposimuliwa kwa simu, alitoa neno lake. "Mwanamke mwenye mimba isiyojulikana ilikotoka hatavuka mlango wangu, hata awe nani."

Kliniki walipokelewa kwa jina na kuletewa kahawa. Concessa alionja mara moja akaisukuma kando, akasema Waswidi wameanza kuchemsha maji ya kuoshea sufuria.

Daktari, mama mmoja mpole, alieleza kwa Kiswidi, na Kelly akatafsiri kama alivyomtafsiria mama yake tangu ana miaka tisa. Chanjo hii hawapendi kumpa mwenye mimba. Je, kuna uwezekano huo kwa yeyote kati yao?

Concessa hakungoja jibu la binti. Akamwonyesha Kelly kwa kidole na kusema, kwa Kiswidi chake cha dukani, apimwe. Daktari akamtazama Kelly. Kelly akainua mabega, akakubali. Basi mtapimwa wote wawili, daktari akasema, maana wote mnasafiri. Concessa aliangua kicheko. Yeye ana miaka arobaini na sita, siku zake zimekoma tangu Julai, kazi hiyo imekwisha na Mungu ashukuriwe. Hata hivyo vikombe viwili vya mkojo viliwekwa mezani.

Kelly alikaa chooni muda mrefu. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

Concessa sasa alikuwa na hakika. Aliwaona watu wa Bruce wakiondoka na mahari yao, akamwona Dancille akicheka, na zamu hii kwa haki kabisa. Akamwinamia binti yake sikioni.

"Ukiniaibisha, utabaki hapa hapa Uswidi. Mimi sikujui."

Kelly alifuta pua.

Daktari alirudi na karatasi mbili. Akatazama moja, akatazama nyingine, kisha akaomba aongee na kila mmoja peke yake. Kelly alitafsiri taratibu. Concessa alikataa. Familia yake haina siri, akasema, mambo ya kunong'onezana pembeni ni ya watu wa vårdcentral. Yeye ni mwanachama, asomewe majibu yote hapa hapa, binti yake akisikia. Daktari akauliza mara ya pili kama ana hakika. Concessa akapiga meza kwa kiganja.

Daktari akasoma. Kelly alisikiliza hadi mwisho, kisha akapandisha mkono wa sweta yake.

"Mimi nachanjwa leo," akasema.

Concessa aliinua mikono juu, akamshukuru Mungu kwa sauti iliyofika mapokezi. Akasema laiti Dancille angekuwapo aone jinsi mtoto anavyolelewa. Alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya mkono wake mwenyewe Kelly alipomshika kiganja.

"Wewe hapana, Mama. Mwenye mimba ni wewe," akasema. "Nani atampigia Baba, mimi au Hervé?"