Marundo ya Mawe Juu ya Bigwa

"Mama Rosa, njoo uone! Jingine hili!"

Diana alishusha pumzi, akapanda polepole kati ya miti. Mumewe, Mwalimu Jackson, alikuwa amepiga magoti mbele ya rundo la mawe, akilipiga picha kwa simu. Makubwa chini, madogo juu, yote yameota kuvu ya kijani.

"Ya kale haya," alisema, macho yakimng'aa. "Waluguru wa zamani walikuwa na maana yao."

Diana akatazama pembeni. Rundo lile alilipanga yeye, mumewe alipokwenda kliniki ya presha.

Alianza na moja tu. Tangu wamzike binti yao, Rosa, nyumba yao ya Bigwa ilikuwa imenyamaza. Diana aliacha kwaya, hata sokoni akawa anatuma watu. Jackson, aliyefundisha historia maisha yake yote, alishinda kitandani akiutazama ukuta. Diana alijua kitu kimoja cha kumwinua: jambo la kale lisilo na majibu. Akapanda msituni, akapanga mawe yenye kuvu, kisha akamwomba mumewe wakanyooshe miguu.

Jackson akainuka kweli. Akaanza kula, kubishana, kucheka. Ila uongo nao ukazidi kukua.

"Nimempigia mhadhiri mmoja wa chuo," alisema Jackson. "Anakuja Jumamosi."

Moyo ulimlipuka Diana. Watamcheka mzee wa watu mji mzima! Kilichompa nafuu ni rundo moja tu, lile la kando ya kijito. Walilikuta wiki ambayo mgongo ulimuuma na hakupanga chochote. Angalau hilo lilikuwa la kweli.

Akaketi juu ya gogo.

"Baba Rosa, nisamehe. Mawe haya nimeyapanga mimi." Machozi yakamtoka. "Nilitaka tu uamke kitandani. Mwambie mgeni asije. Au mwonyeshe lile la kijitoni, hilo peke yake ndilo la kale."

Jackson aliitia simu mfukoni. Akaja kuketi kando yake, akamshika mkono.

"Lile nililipanga mimi, Mama Rosa," alisema. "Niliogopa tukikosa jipya utajifungia tena nyumbani."