Watu wa Mama Anena

“Watoe nje, Mama. Wote.”

“Nani atoke?” Goretti aliweka mikono kiunoni. “Hawa niliowatoa kambini, wengine wametoka zamu hata hawajalala? Wamekuja kukupigia kura wewe, sasa niwaambie nini?”

“Waambie lolote. Basi angalau nusu yao watoke.”

“Unatuonea haya.”

“Sivyo, Mama! Fainali haiendi kama zile raundi za—”

“Koma, Anena. Nenda kakae mahali pako.”

Mambo ya mijadala Goretti aliona ameshayaelewa, maana alikuwa ukumbini tangu asubuhi. Raundi ya kwanza watoto walileta hoja walizoziandaa nyumbani, na majaji wakatoa alama. Ya pili, mada ilitajwa papo hapo na pande zikagawanywa kwa kurusha sarafu. Anena akaangukia kutetea jambo asiloliamini kabisa, akalitetea mpaka jaji mmoja akasahau kuandika. Sasa ilibaki fainali, mtu kwa mtu, na safari hii wapiga kura ni ukumbi wenyewe. Mshindi angesomeshwa bure mpaka amalize sekondari.

Mumewe ni koplo wa polisi, na watoto ni watano. Goretti aliposikia neno “kura” hakusubiri kusikia zaidi. Alipiga simu Nsambya, kambi ya polisi wanakoishi, na kambi ikaja.

Mtangazaji aliposoma kanuni, Goretti alikuwa akiwapanga watu wake viti vya mbele.

“Sajenti Obita, sogea huku. Urefu wako unawaziba wenzako.”

“Mama Anena, ukigombea ubunge unapita bila kupingwa!” Obita akajibu, na safu nzima ikacheka.

Mada ilikuwa wanafunzi waruhusiwe kwenda shule na simu. Anena aliunga mkono. Mpinzani wake, Blandine, binti mwembamba kutoka shule moja ya Katwe, alikuja na mwalimu wake tu.

Kabla mtu hajafungua kinywa, mtangazaji akaitisha kura. Goretti aliona ajabu, kama kusifu mchuzi usioonjwa, lakini aligeuka akawakazia macho watu wake, na mikono ikapaa kama kwenye gwaride. Ukumbi wote ulikuwa wa Anena. Kwa Blandine uliinuka mkono mmoja, wa mwalimu wake.

Goretti akamtazama binti yake kwa fahari. Anena alikuwa ameinamisha kichwa. Bado ana haya huyu, mama akawaza. Atatushukuru baadaye.

Anena alisema vizuri, na kila alipopumua kambi ilishangilia. Blandine aliposimama, ukumbi ulinyamaza kama msibani. Alisema simu humfundisha mtoto kumsikiliza mzazi kwa sikio moja. Goretti, ambaye alikuwa ameifungia simu ya Anena sandukuni tangu Krismasi, alijikuta akiitikia kwa kichwa.

Blandine alipomaliza, mwalimu wake alipiga makofi peke yake, kama mtu anayefukuza kuku.

“Maskini, mtoto wa mwanamke mwenzangu,” Goretti akanong’ona.

“Vita ni vita, Mama Anena,” Obita akasema.

“Vita gani, na sisi tumejaa hivi? Mkono mmoja utapunguza nini?”

Kura ya pili ikaitishwa. Walio na Anena! Mikono ikapaa tena, yote isipokuwa wa Goretti. Walio na Blandine! Hapo Goretti akanyoosha mkono wake juu kabisa, ili yule mtoto auone na apate la kwenda kusimulia kwao.

Blandine aliuona, akatabasamu. Anena pia aliuona.

Mtangazaji alihesabu, akahesabu upya, kisha akarudi kwenye kipaza sauti.

“Kama mlivyosikia kwenye kanuni, mshindi wa fainali hii si mwenye watu wengi, ni aliyewahamisha watu kutoka upande wa mwenzake,” alisema. “Anena hakumhamisha mtu. Blandine amemhamisha mmoja, na ndiye bingwa wetu.”